Tarehe Aliyoikataa Askari

Ilikuwa ukitaka kumuudhi jirani yetu Askari, umuulize hali mara mbili. Mara ya kwanza angekujibu kwa uchangamfu wa mtu aliyelelewa: hajambo, nyumbani hawajambo, mbuzi hawajambo, alhamdulillahi rabbil alamin. Ukirudia, "Lakini kiuno vipi, ami?" angeukunja uso. Angekuuliza habari za kazi yako. Ukizidi kung'ang'ania, angetazama saa na kukumbuka kuwa ana shughuli, na shughuli yenyewe hana.

Jina alikuwa nalo, na lilikuwa zuri, lakini mtaani kwetu hapa Ibra, Omani, hakuna aliyelitumia. Alikuwa Askari tangu nikiwa skuli, akawa Askari hata baada ya kustaafu na kuanza kufuga. Mimi nilimwita ami kwa sababu marehemu baba yangu na yeye walitoka Unguja kwa safari moja, na watu waliotapika kwenye ndege moja huwa ndugu wapende wasipende. Sasa nyumba yake imefungwa, kuta zimeanza kuchujuka rangi upande wa jua. Nikipita mlangoni bado naongeza mwendo kidogo, kwa zile siku alizokuwa akinisimamisha.

Mambo ya jeshi hakuyasimulia ila moja. Gari lao lilibingirika wadini, kwenye bonde kavu upande wa Sinaw, wakiwa kazini. Kila alipoisimulia hadithi ile, shujaa wake alikuwa birika la chai. Gari lilipinduka mara mbili, dereva akavunjika mkono, redio ikasagika, na birika likakutwa limekaa juu ya jiwe, chai haijamwagika. Tukicheka sote. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba ndani ya hadithi ile yeye mwenyewe hayumo. Alikuwa chini ya gari. Nyonga ilivunjika ikaungwa vibaya, na mifupa ya kiunoni ikabaki kama ilivyobaki. Baada ya hapo walimhamishia ghalani, akahesabu mablanketi na viatu vya wenzake mpaka alipostaafu.

Ghala halikumtoka mwilini. Nyumbani kwake kila bisibisi ilikuwa na msumari wake ukutani, na nyuma ya kila chombo amechora umbo lake kwa rangi nyeusi, ili kikikosekana ukuta useme. Ukiazima nyundo kwake alikutaka utie sahihi daftarini. Nami nilitia sahihi nikiwa mtu mzima mwenye ofisi yangu, kwa ajili ya koleo.

Wala usidhani alikuwa mpole. Kwa haki ya mtu mwingine alikuwa simba. Mjane wa nyuma yetu alipocheleweshewa karatasi zake, Askari alivaa kanzu ya kupigwa pasi, akajifunga kilemba, akaenda naye ofisini siku nne mfululizo, akakaa kitini mbele ya karani akimtazama tu. Hospitali akifuatana na mgonjwa wa mtaa, wauguzi walimjua. "Huyu mama kaumwa, hakuja kutembea!" akiwaambia, kwa Kiarabu chake chenye lafidhi ya Malindi ya Unguja. Kwa nafsi yake sasa, hata glasi ya maji hakuomba. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Kumsemea mwenzio ni thawabu. Kujisemea mwenyewe ni kuomba."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, ami."

"Basi kikija kitasema chenyewe. Mimi ntakuwa nishakwenda zangu."

Ndivyo alivyokuwa akijibu. Na mimi kazi yangu, kwa bahati mbaya yake, ni kulalamika kwa niaba ya watu na kulipwa. Nina ofisi ya meza mbili karibu na soko la zamani. Nachapa maombi, natarjumu vyeti, naandika rufaa. Watu hunijia na fujo la maneno nikawatolea karatasi moja safi. Yeye alikuwa akipita asubuhi, anaegemea mlango, hakai, kwa sababu akikaa inabidi ainuke mbele ya watu.

Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, mjuzi wa kushona kofia za mkono. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu wamezikwa wakiacha kofia zake kabatini. Hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina mbele yetu. Alimwita "mwenyewe." Mwenyewe kasema, mwenyewe hayupo. Watoto hawakujaaliwa. Kila asubuhi Askari alikaa kwenye kiti cha mlangoni na mkewe akapiga magoti amvishe soksi na viatu, na wote wawili walifanya kama hilo halitendeki: yeye ametazama mbinguni kama anayekisia mvua, na mkewe anapapasa chini kama aliyedondosha sindano. Mtu akipita wakati ule, bibi yule alisema, "Natafuta sindano yangu, mwanangu." Nimempita anatafuta sindano ile tangu ujana wangu.

Mkewe alipofariki, Askari hakulia mbele ya watu. Alipokea mikono msibani siku tatu, akijibu kila mmoja kuwa hajambo. Baadaye niliona anakwenda msikitini na ndara. Mtu aliyekuwa hatoki bila viatu vya kung'aa, sasa ndara, miguu mikavu, vumbi mpaka kwenye vifundo. Hakuna aliyesema neno. Akaanza pia kunipigia simu ofisini.

"Kwako umeme umekatika?"

"Haujakatika, ami."

"Aa. Na hapa haujakatika."

Kisha angekaa kwenye simu kidogo, akakata. Nilikuwa na wateja, nilikuwa na haraka, na namwomba Mungu anisamehe, mara nyingine niliiacha simu ile iite.

Siku moja alianguka bafuni baada ya alfajiri. Alilala sakafuni mpaka muuza gesi alipogonga karibu na adhuhuri, akasikia mtu anaitikia salamu kutoka ndani lakini hafungui. Hospitali, daktari mmoja kijana alipiga picha, akaiinua kwenye mwanga, akauliza, "Mzee, umekaa na hii miaka mingapi?" Akamwambia kuwa ana haki ya fidia ya ulemavu, kwa kuwa ameumia kazini, na kwamba alipaswa kuidai zamani sana. Jumamosi iliyofuata Askari alikuja ofisini kwangu na kwa mara ya kwanza akakaa.

Niliandika ombi, nikaambatisha picha za mifupa, nikapeleka kwenye ofisi inayoshughulikia askari wastaafu kule Nizwa. Baada ya miezi michache jawabu likaja, na lilikuwa jema kuliko nilivyotaraji: ulemavu umekubaliwa, fidia itaanza kuhesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa, na malimbikizo yake yatalipwa. Nilikwenda nalo nyumbani kwake mbio mbio, na haluwa mkononi.

Alilisoma mara mbili. Akaweka kidole kwenye tarehe.

"Hapa panasema nimeanza kuwa kilema mwaka jana."

"Haisemi hivyo, ami. Inasema malipo yanaanza mwaka jana."

"Kwa anayesoma kuna tofauti gani?"

"Kanuni ndivyo ilivyo. Hawahesabu tangu mfupa ulipovunjika. Wanahesabu tangu siku walipopokea ombi lako."

Siku ile iliyoandikwa ilikuwa miezi kumi na moja baada ya kumzika mkewe.

"Na yule aliyekuwa akinivisha viatu miaka yote ile," alisema, "alikuwa akimvisha nani?"

Aliikunja karatasi, akanirudishia. "Mimi hii tarehe siitaki. Sitii sahihi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia kuwa mtu anayelala sakafuni kwa kukosa wa kumwinua hana haki ya kuringa. Pesa zile zingemwezesha kumweka mtu wa kumsaidia. Nilisema na mengine ambayo mtu hamwambii mzee. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Pesa waziache hukohuko. Sitaki miaka yote, mwanangu. Waipeleke nyuma kidogo tu. Hata siku moja aliyokuwa hai. Iandikwe kwamba na yeye alikuwapo."

Hapo nikajua kuwa nimepewa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilimuuliza kama aliwahi kulalamika rasmi huko nyuma, kwa maandishi au kwa mdomo, popote, kwa yeyote. Akafikiri. Akasema aliwahi kuitwa kupimwa, miaka mingi nyuma, alipokuwa ameshastaafu. Ilikuja barua tu, afike hospitali ya Nizwa. Alinyoa, akavaa vizuri, mkewe akafuatana naye. Daktari alikuwa mgeni, na mkalimani pembeni. Daktari akauliza, vipi hali?

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia alhamdulillah, bikheir."

"Akaandika?"

"Akaandika. Akanipa mkono. Mtu mwema."

"Ami! Ulikuwa umeitwa kupimwa!"

"Sasa ulitaka nimjibu vipi mtu ndio kwanza tunaonana? Nimvamie na kiuno?"

Nilimuuliza nani aliomba aitwe. Akasema aghlabu huwaita tu wastaafu. Kumbukumbu yake ya siku ile ilikuwa kwamba mkewe, waliporudi garini, alimuuliza alichomwambia daktari, na alipojibiwa aligeuza uso dirishani na hakusema kitu mpaka Ibra. Alidhani amechoshwa na safari.

Niliandika rufaa hata hivyo. Kamati ya rufaa ikatupangia siku. Wiki mbili kabla yake nikawa namfundisha kulalamika, jioni, ofisini, mlango nimeurudisha. Sijapata mwanafunzi mzito kama yule.

"Mimi ndiye mwenyekiti. Vipi hali yako, mzee?"

"Alhamdulillah."

"Ami."

"Nisimshukuru Mungu?"

"Mshukuru, halafu sema kiuno."

"Alhamdulillah. Kiuno hakijambo."

Nilicheka mpaka nikalaza kichwa mezani, na yeye akacheka, akishika ubavu. Nadhani zile jioni zilikuwa furaha yake ya mwisho ya kukaa na mtu kwa mazungumzo. Kwangu mimi zilikuwa kazi ya ziada. Ndivyo tulivyo.

Nilimpeleka Nizwa kwa gari langu. Kamati walikuwa watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa na kikohozi kikali. Alipouliza hali, Askari alijibu kama kawaida yake, alhamdulillah, kisha akamuuliza mwenyekiti kama kikohozi kile amekionyesha kwa daktari, na akamshauri asali na zaatari. Mwenyekiti akaanza kuandika dawa. Mimi nilikuwa najibana kiganja. Mwisho, walipomuuliza kama ana la kuongeza, alisimama, na kusimama kule kulichukua muda ambao watu wote watatu waliinamisha macho.

"Mke wangu alikuwa akinivisha viatu," alisema. "Basi."

Mwenyekiti alisema wataagiza faili la zamani kutoka ghalani, waone lina nini. Tulirudi kwa njia ya Sinaw. Alinunua majani ya mbuzi sokoni, akagombana na muuzaji kwa ajili ya bei ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yetu, na hatukusema lolote la kamati.

Mwezi uliofuata karani mmoja wa Nizwa alinipigia. Ndani ya faili, alisema, kuna karatasi ambayo hawakuweza kuisoma. Herufi za kizungu, lakini si Kiingereza. Ina muhuri wa kupokelewa. Labda ni lugha yenu? Akaniletea picha yake kwenye simu ili niitarjumu na kuigonga muhuri wa ofisi.

Ilikuwa Kiswahili. Mwandiko wa skuli za Unguja za zamani, herufi zimelala upande mmoja, safu zimenyooka kama mshono. Mkewe Askari alijua kusoma Kurani lakini Kiarabu cha kuandikia barua hakukijua, na bila shaka hakutaka mtu wa mtaani amwandikie. Basi aliandika kwa lugha aliyokuwa nayo. Alivyoona yeye, askari wengi wa serikali walitoka kwetu, hawatakosa wa kuisoma. Na siku aliyoipeleka, kwenye dirisha la ofisi ile, lazima alimkuta karani wa kwetu, kwani karatasi ilipokelewa na kugongwa muhuri bila ya swali. Iliandikwa hivi:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Askari. Baada ya salamu. Mimi ni mke wa askari wenu, namba yake nimeiweka juu. Yeye hajui kama naandika. Mume wangu ameumia kwenye kazi yenu na hasemi. Mkimuuliza atasema hajambo, msimsadiki. Hawezi kuinama. Akisali huchelewa kuinuka kwenye sijida, watu wanadhani ni unyenyekevu. Ananambia kitandani kuna joto, kwa hivyo analala kitini. Si kweli, akilala chali hawezi kugeuka. Nami namwitikia kuwa kuna joto. Hupiga hesabu za ghala kwa sauti ili nisisikie anavyougua. Nasikia. Naomba mumwite mumtazame kwa macho yenu. Msimuulize. Wassalaam."

Nyuma yake ilibanwa karatasi ya yule daktari mgeni, mstari mmoja: amesema hajambo, hana malalamiko. Baada ya hapo hakuna kitu.

Nilikuwa na mteja mbele yangu, anataka kufanyiwa upya kibali cha mfanyakazi. Nilimwomba radhi nikaingia kwenye kijichumba cha chai nikalia. Halafu nikatoka nikaitarjumu, neno kwa neno, nikaiambatisha na maelezo yangu: ombi hili lilipokelewa, halikupata kujibiwa wala kukataliwa kwa barua, kwa hivyo lingali wazi. Kamati ilikubali. Fidia ikapelekwa nyuma mpaka siku ya muhuri ule. Ilikuwa miaka saba kabla ya kifo cha mkewe.

Nilimpelekea jawabu alasiri. Sikuwa nimemweleza habari za barua ile. Nilitaka aisome mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, amekonda, macho yamezidi kwenda ndani. Nilimpa kwanza uamuzi, kisha nakala ya mwandiko ule. Aliutambua kabla hajavaa miwani. Nilimwona anautambua.

Alisoma polepole, midomo ikitikisika. Penye sijida alicheka kwa pua. Penye kiti na joto aliacha kusoma, akaitazama njia mpaka gari la maji lilipopita, akaanza upya tangu salamu. Alipomaliza aliniuliza muhuri unasema siku gani. Nikamsomea.

"Shaabani," alisema. "Aliniaga kuwa anakwenda Sur, kwa khalati yake, dada wa mamake, kuna arusi. Kumbe kenda Nizwa." Akapangusa miwani. "Alirudi magharibi, kachoka, mikono mitupu. Nikamuuliza, arusi gani hiyo isiyokuwa na hata kipande cha haluwa? Nikaona, mtu mzima huyo, ananidanganya. Hakujitetea hata kidogo. Nikamsusia. Siku tatu, mwanangu. Akiandaa, nainuka. Akisema, sijibu. Siku tatu."

Nilimwambia Mungu amrehemu, naye hakuwa na kinyongo. Nilisema yale ambayo watu husema. Nikamkumbusha kuwa hii ndiyo tarehe aliyokuwa akiitaka, na si siku moja, ni miaka saba, na mkewe yumo ndani yake. Nikamwekea kalamu mkononi na kumwonyesha pa kutia sahihi.

"Zinahesabiwa tangu siku ile ya muhuri?"

"Tangu siku ileile."

"Na siku tatu zinazofuata, nilizomsusia, zimo?"

"Zimo, ami. Zote zimo."

Aliirudisha kalamu mapajani mwangu.

"Basi kabla sijatia sahihi, waandikie," aliniambia. "Waombe wazitoe hizo tatu."